Sifuri ya Silima

Simu ya Bi Zuleikha ilimkuta Nadra kazini kwake Mkunazini, katika chumba cha ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Alikuwa akitengeneza tovuti ya hoteli moja ya Matemwe, na tangu asubuhi alikuwa akiihamisha picha ile ile ya kitanda chenye chandarua kutoka kulia kwenda kushoto na kuirejesha kulia, kwa sababu mwenye hoteli mwenyewe hakujua anachokitaka.

“Shikamoo, Bi Zuleikha.”

“Marahaba. Nadra, programu yako inanambia hakuna mtu.”

Bi Zuleikha alikuwa mkunga aliyestaafu. Alipoacha kazi alishindwa kukaa nyumbani, akaanzisha jumuiya ndogo ya watu wanaojitolea damu na kuzunguka nayo mjini na shamba. Nadra ndiye aliyemtengenezea programu. Mtu alijiandikisha mwenyewe kwa simu yake: jina, anakokaa, namba ya simu na kundi lake la damu. Damu ya kundi fulani ikihitajika, Bi Zuleikha hulitafuta kundi hilo na programu humletea majina ya watu wa kuwapigia.

“Hakuna mtu wa kundi gani?” Nadra aliuliza.

“O hasi. Kuna mzazi spitali, kajifungua alfajiri na damu haijakatika. Ilokuwepo wameshampa, wameishiwa. Mwenyewe ni O hasi, hawezi kupewa nyengine. Na jengine nikwambie mimi, kabla hujaambiwa na watu. Mzazi mwenyewe ni Ulfat. Mkewe Gharib.”

Gharib alikuwa mume wa Nadra kwa miaka minne. Hawakujaaliwa mtoto. Mama yake Gharib, Bi Shemsa, hakuwahi kumtukana mkwewe wala kumsema mbele za watu. Alikuwa akimuuliza tu, kila mwezi, kwa sauti ya chini, na akijibiwa “bado” alikuwa akisema “haya” na kuendelea kupepeta mchele wake. Mwisho Gharib alimpa Nadra talaka yake kwa adabu, na Nadra akarudi kwa baba yake Kikwajuni na begi la nguo na kompyuta. Hapakuwa na ugomvi wa kusimulia. Ulfat mwenyewe Nadra alikuwa amemwona mara moja tu, Darajani, amesimama mbele ya muuza maembe akinusa moja baada ya jengine. Nadra alipita upande wa pili wa njia.

Sasa aliposikia jina lile alijichunguza kama ana hasira au ana huruma, na hakuona kitu cha kukitaja. “Nipe muda kidogo,” alisema.

“Watu wa kundi hili ni wachache, najua. Lakini si kwamba hawapo,” Bi Zuleikha alisema. “Mimi mwenyewe nilikuwepo tulipokwenda kuandikisha watu Mkokotoni. Palikuwa na bwana mmoja, alipoambiwa damu yake adimu alifurahi kama aliyepewa cheo. Jina lake limenitoka. Yumo humo, Nadra. Mtoe.”

Nadra aliifunga tovuti ya hoteli na kuifungua programu ya damu. Aliandika O, akaweka alama ya kutoa, akabonyeza. Hakuna. Akajaribu tena, polepole, kama mtu anayerudia kutia ufunguo kwenye kitasa akijua ni ule ule. Hakuna.

Basi akaacha kutafuta, akafungua kumbukumbu zote zilivyo na kuanza kuzisoma kwa macho. Majina yalipita mbele yake, ya Bububu, ya Makunduchi, ya Nungwi. Haukupita muda akamwona mwanamke mmoja wa Mangapwani, na mbele ya jina lake, waziwazi, imeandikwa O na alama ya kutoa. Akalirudia swali lake kwa programu. Programu ikajibu vile vile: hakuna. Kitu kiko mbele ya macho yake, na mashine inakikana.

Kwa mtu mwengine jambo hili lingekuwa la kutisha. Nadra alilijua. Macho ya mtu huona umbo, lakini kompyuta haioni umbo. Ndani yake hakuna herufi hata moja, kuna namba tu, na kila alama ina namba yake ambayo watu wa kazi hiyo walikubaliana zamani. A ni sitini na tano, B ni sitini na sita, na kuendelea hivyo mpaka O, ambayo ni sabini na tisa. Ukibonyeza herufi kwenye kibodi, namba ndiyo inayoingia, na inapotoka kwenye kioo hugeuzwa tena kuwa umbo ili mwanadamu aweze kusoma.

Aliandika amri fupi ya kuigeuza alama ya kwanza ya yule mwanamke wa Mangapwani kuwa namba yake. Alitarajia sabini na tisa. Ikatoka arubaini na nane.

Arubaini na nane ni sifuri.

Nadra aliegemea kiti. Kwa mwandiko aliouchagua yeye mwenyewe wa kuonesha maneno kwenye kioo, O na sifuri zilikuwa mapacha. Mwanamke yule alikuwa amebonyeza sifuri badala ya herufi O, na nani angemlaumu? Hata kwa mdomo watu husema “o” badala ya sifuri wakisoma namba za simu. Programu ilikuwa ikitafuta sabini na tisa, naye alikuwa amekaa kimya kwenye arubaini na nane.

Alipotafuta kwa sifuri walitoka watu wawili: yule mwanamke wa Mangapwani na kijana mmoja wa Kilimani. Kijana alipokea simu kwa mlio wa kwanza. Alikuwa Maskati, anafanya kazi, mwaka wa pili huu. Aliomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Simu ya yule mwanamke ilikuwa imezimwa.

Nadra alimpigia Bi Zuleikha na kumweleza. Bi Zuleikha hakuuliza habari za namba. “Nipe jina na kijiji,” alisema. “Nnakwenda mwenyewe Mangapwani. Gari nitaipata. Nikifika nitauliza nyumba kwa nyumba. Na wewe endelea, kwa sababu bwana wangu wa Mkokotoni hujamtoa.”

Ilikuwa kweli. Kati ya wawili wale hapakuwa na mtu wa Mkokotoni. Nadra alizirudia kumbukumbu, safari hii za Mkokotoni peke yake, na katikati ya wavuvi na wauza samaki akamkuta: Silima Ubwa. Sifuri, halafu alama ya kutoa. Mbona hakutoka pamoja na wenzake?

Akazigeuza alama zake moja moja. Ya kwanza, arubaini na nane, kama alivyotarajia. Ya pili ndiyo iliyomfanya acheke peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kistari cha kawaida ni arubaini na tano. Cha Silima kilikuwa elfu nane mia mbili na kumi na moja. Kilikuwa kistari kirefu, kile cha waandishi wa vitabu, ambacho simu nyengine hukitoa ukikandamiza kidole na kuchelewa kukiondoa. Kwenye kioo kilikizidi kile cha kawaida kwa urefu wa unywele tu.

Nadra hakutaka tena kubahatisha kwa macho. Aliandika mistari michache: chukua kila alama, igeuze namba, ikiwa ni arubaini na nane mahali pa kundi la damu, ihesabu kama sabini na tisa, ikiwa ni kistari cha aina yoyote, kihesabu kama arubaini na tano, kisha rejesha namba ziwe herufi, ndipo ulinganishe. Aliibonyeza. Walitoka wale wawili na Silima Ubwa, na hakuzidi mtu.

Simu ya Silima ililia kwa muda mrefu. Nyuma yake, ilipopokewa, palikuwa na kelele za soko.

“Asalaam alaykum. Nazungumza na Silima Ubwa?”

“Waalaykum salaam. Ndiye.”

“Mimi naitwa Nadra, natoka kwa Bi Zuleikha, jumuiya ya damu. Uliwahi kujiandikisha kwetu.”

Mtu yule alipaza sauti kama anayewaambia na waliomzunguka. “Ah! Mmenikumbuka leo! Tangu mwaka juzi nnangoja kupigiwa. Nkasema pengine damu ya Mtumbatu wa shamba watu wa mjini hawaitaki.”

“Tunaitaka sasa hivi. Kuna mzazi.”

Sauti ilishuka. “Yuko hai?”

“Yuko hai.”

“Bas, nnakuja. Nna pweza wa watu hapa, namwachia mwenzangu. Lakini spitali ya mjini siijui milango yake, nisije nikazungushwa. Nani atanipokea?”

Nadra aliangalia dirisha. Bi Zuleikha alikuwa njiani kwenda Mangapwani. “Mimi,” alisema. “Nitakuwa langoni.”

Alikwenda kwa miguu. Jua lilikuwa kali na vichochoro vilikuwa na watalii waliosimama kupiga picha milango. Njiani aliwaza kwamba angeweza kumpokea Silima langoni, akamwelekeza maabara, akageuka. Hakuna ambaye angemwona. Lakini alipofika mlinzi alimwambia hawezi kusimama hapo, akae ndani kwenye mabenchi. Ndani kwenye mabenchi alikuwepo Bi Shemsa.

Alikuwa amezeeka. Buibui lake lilikuwa limevaliwa kwa haraka, upande mmoja umeshuka, na mkobani mlichomoza chupa ya chai na kanga za mtoto, mpya, ambazo bado hazijafuliwa.

“Shikamoo, Bi Shemsa.”

Mzee alimtazama mpaka akamtambua. “Marahaba.” Kisha, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli: “Umekuja kufanya nini?”

“Namngoja mtu wa Mkokotoni. Anakuja kumtolea damu Ulfat.”

Bi Shemsa aliuchukua mkoba wake uliokuwa kwenye benchi, akaupakata. Nafasi ikapatikana. Nadra akakaa. Walitazama mbele, ukutani, ambako palibandikwa picha ya namna ya kunawa mikono.

“Mtoto wa kike,” Bi Shemsa alisema baadaye. “Mzima. Wauguzi wamemchukua. Gharib anazunguka tu, mara maabara, mara nje, kila anayemjua keshampigia. Walokuja wote wamepimwa, hawafai.” Akafikiri. “Zuleikha alisema mashine haina mtu.”

“Walikuwemo. Ilikuwa haiwaoni.”

“Kwa nini?”

“Walijiandika kwa namba nyengine.”

“Namba gani?”

“Arubaini na nane.”

Bi Shemsa alitikisa kichwa polepole, kama aliyetajiwa namba ya nyumba katika mtaa asioujua, na hakuuliza tena.

Silima alifika na pikipiki ya rafiki yake, shati limejaa vumbi, mikono inanuka pweza. Alikuwa mtu mnene wa makamo mwenye sauti iliyozoea kuitana baharini. Alipeana salamu na kila aliyekaa kwenye benchi, wagonjwa na wasio wagonjwa. Nadra alimpeleka maabara, na kwa kuwa walimtaka asubiri kidogo kabla ya kuitwa, alimuuliza.

“Bwana Silima, ulipojiandikisha, kundi lako uliandika sifuri. Ulikosea kitufe?”

“Sikukosea.” Alionekana kushangazwa na swali. “Daktari alinambia damu zina vitu viwili, kuna watu wana kimoja, kuna wenye chengine, kuna wenye vyote. Nkamuuliza, mimi? Akasema, wewe huna hata kimoja. Nkamuuliza na ile alama nyengine, ile ya kujumlisha na kutoa? Akasema, hiyo nayo huna. Sasa mtu asiye na kitu anaandika nini? Si sifuri?”

Nadra alikuwa ameitazama O kwenye vyeti vya damu miaka yote na kuiona herufi, jirani ya N na P. Haikumpitikia kwamba mtu anaweza kuisoma kama hesabu, na hesabu yenyewe ikawa sawa.

Silima aliitwa. Walimpima, wakampima tena, wakamlaza. Kutoka mlangoni alisikika akimuuliza muuguzi kama anaruhusiwa kuitazama ikitoka.

Gharib aliingia wakati huo kutoka nje. Alimwona Nadra na akasimama. Alikuwa na ndevu fupi sasa, na macho yamemvimba.

“Nadra.”

“Mtu wenu yumo ndani,” Nadra alisema. “Yaliyobaki ni ya madaktari. Na Bi Zuleikha anakuja na mwengine kutoka Mangapwani, akimpata.”

“Nlipiga simu kila pahala,” Gharib alisema. “Sikufikiri kama…”

“Usingeweza kufikiri. Nenda kakae na mama yako, hajala.”

Alikwenda. Nadra alimtazama akiinama kumwambia mama yake, na mama akilishika shavu la mwanawe kwa kiganja. Miaka mingi nyuma jambo kama hilo lingemuuma kwa namna fulani. Sasa aliliona tu, kama unavyoona watu wa nyumba nyengine kupitia dirisha lililo wazi.

Damu ya Silima ilikaguliwa na kupelekwa juu. Adhana ya alasiri ilipolia walikuwa bado hawajaambiwa kitu. Bi Zuleikha alitokea muda mfupi baadaye akitembea kwa kuegemea upande, goti linamsumbua, na nyuma yake mwanamke mwembamba aliyevaa viatu vya plastiki vyenye udongo. “Simu yake imeharibika tangu mwezi wa Ramadhani,” Bi Zuleikha alieleza. “Nlimkuta shambani kwake. Hakuniuliza hata nani mgonjwa. Kanawa mikono, kapanda gari.” Mwanamke alitabasamu kwa haya na kuuliza upande wa maabara ni upi.

Ilikuwa karibu na magharibi daktari aliposhuka. Alizungumza na Gharib pembeni, kwa muda, na wote waliokaa walijaribu kuyasoma mabega ya Gharib. Damu imekatika. Wamelazimika kumpasua, na mengine yatajulikana kesho, lakini amefungua macho na ameuliza mtoto. Bi Shemsa aliinua mikono akaomba dua bila sauti. Silima, aliyekuwa amekataa kuondoka mpaka ajue, alisema alhamdulillah kwa nguvu mpaka mlinzi akachungulia, kisha akaomba apewe chai kwa sababu aliambiwa anywe kitu na bado hajanywa. Bi Shemsa alimmiminia ya kwenye chupa yake. Alimmiminia na mwanamke wa Mangapwani, halafu Bi Zuleikha, halafu akatia chai iliyobaki kwenye kifuniko na kumpa Nadra.

“Haina sukari nyingi,” alisema. “Siku hizi nimekatazwa.”

“Haidhuru,” Nadra alisema, akanywa.

Kesho yake aliirudia programu kwa utulivu. Jambo jepesi lingekuwa kumfungia kila mtu njia: asiandike mwenyewe, achague tu katika makundi aliyowekewa, na kumbukumbu za zamani zisahihishwe zote. Njia hiyo aliiweka kwa watakaojiandikisha baadaye. Lakini kumbukumbu za zamani aliziacha zilivyoandikwa na wenyewe, akaifundisha programu kuzielewa. Silima Ubwa alibaki na sifuri yake na kistari chake kirefu, na ukimtafuta kwa herufi unampata. Bi Zuleikha alipoambiwa alisema ni sawa, almuradi mtu akitakiwa aonekane.

Ulfat alitoka spitali baada ya majuma kadhaa. Hatozaa tena, hilo Nadra alilisikia kwa Bi Zuleikha, na aliposikia alilikunja jambo lile na kuliweka, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumpa pole bila ya pole hiyo kusikika kama kijembe. Gharib alituma halua. Bi Shemsa hakutuma kitu, lakini siku moja walipokutana Forodhani alisimama na kumuuliza Nadra hali yake, na alisubiri jibu.

Kisha, asubuhi moja, simu ya kazini ililia na sauti ya mwanamke ikasema, “Hunijui. Mimi Ulfat.”

“Nakujua,” Nadra alisema. “Hujambo? Mtoto hajambo?”

“Hajambo, anakula kama mtu mzima. Nlitaka kukushukuru mwenyewe, nisimtume mtu. Gharib amenieleza ulivyofanya lakini hajafahamu hata yeye, anasema ulibadilisha namba.”

“Ndivyo.”

Mtoto alisikika akilalama karibu na simu. “Nikwambie kitu?” Ulfat alisema. “Nlikuwa nakuogopa. Tangu nlipoingia nyumba hii. Kila nikigusa kitu naambiwa hiki aliweka Nadra, kile alifanya Nadra. Swichi ya taa ya jikoni, huwashwa kwa kuipandisha juu, nyumba nzima ni kwa kushusha. Nkauliza, nkaambiwa Nadra aliifunga.”

Nadra aliukumbuka mchana ule. Umeme ulikatwa, fundi hakuja, na yeye akapanda kiti na bisibisi, Bi Shemsa amemshikia kiti huku akisoma aya za kujikinga. Alicheka, na safari hii alicheka kweli, mpaka mwenye duka la chini akaacha kupima kitambaa.

“Nliifunga kichwa chini,” alisema. “Sikuwa najua kazi ile. Mwambieni fundi aigeuze.”

“Fundi alikuja mwaka jana,” Ulfat alisema. “Mama akamkataza. Alisema wote tumeshaizoea.”